Usafiri peke yako au na kikundi? Pima haya kabla ya kulipa

Likizo imekubaliwa, tarehe unazo, na pesa iko tayari au imekaribia. Kilichobaki ni swali linalokwamisha wengi: uende peke yako, au uende na wenzako? Ukiuliza watu utapata majibu mawili yaliyozoeleka. Huyu atakwambia safari ya peke yako ndiyo inayomkomaza mtu. Yule atakwambia usijaribu, dunia imeharibika. Wote wawili wanasimulia safari zao, na wewe unatafuta yako.

Nimesafiri kwa njia zote, na naona suala la ujasiri linakuzwa kuliko linavyostahili. Kila safari ina kazi zake: kuamua, kutafuta, kulinda mizigo, kusubiri, kubembelezana. Ukiwa peke yako kazi hizo zote ni zako. Ukiwa na kikundi mnagawana, au mnamlipa mtu azifanye, lakini sehemu ya malipo unaitoa kwa kuachia uamuzi wako. Basi cha kujiuliza ni mzigo upi kati ya hiyo miwili unaweza kuubeba siku kumi mfululizo bila kununa.

Jambo moja la kutenganisha mapema. Neno "kikundi" linabeba safari mbili zisizofanana. Kuna kikundi cha marafiki au ndugu waliojipanga wenyewe, na kuna kikundi cha watu wasiojuana waliokusanywa na wakala, wakiwa na kiongozi na ratiba iliyochapishwa. Tofauti ya hivyo viwili wakati mwingine ni kubwa kuliko tofauti ya kikundi na mtu peke yake, kwa hiyo nitavitaja kila kimoja kwa nafasi yake.

Vigezo nitakavyotumia ni sita: mahali panaruhusu nini, gharama, maamuzi na mwendo wa siku, usalama, watu, na matayarisho. Vimepangwa hivyo kwa sababu cha kwanza kinaweza kukumalizia swali kabla hujafika cha pili.

Mahali panaruhusu nini

Yapo maeneo ambayo kanuni zimeshakuchagulia. Mlima Kilimanjaro haupandwi bila mwongozaji aliyesajiliwa. Njia ya Inca inayoelekea Machu Picchu, nchini Peru, hutembewa kupitia wakala mwenye leseni tu; watu wanaoruhusiwa kuingia ni 500 kwa siku, wakihesabiwa pamoja na waongozaji na wapagazi, na kila Februari njia hufungwa. Nepal ilitangaza mwaka 2023 kwamba wageni wanaotembea milimani wawe na mwongozaji. Antaktika karibu kila mtalii hufika kwa meli, na abiria wasiozidi 100 ndio huwa nchi kavu kwa wakati mmoja katika sehemu moja ya kushukia.

Lakini usichanganye "lazima mwongozaji" na "lazima kikundi". Kwenye baadhi ya milima hiyo unaweza kumkodi mwongozaji wako mwenyewe mkaenda wawili. Utalipa zaidi, ila mwendo utakuwa wako. Kwa upande wa pili, miji yenye treni na mabasi ya uhakika haina la kukuwekea. Huko uchaguzi uko wazi kabisa.

Gharama

Gharama za safari ni za namna mbili. Zipo zinazohesabiwa kwa kichwa: tiketi ya ndege, viza, bima, kiingilio, chakula. Hizi hazijali umekuja na nani. Zipo pia zinazohesabiwa kwa kitu: chumba, gari, boti, siku ya mwongozaji. Gari la kukodi hunywa karibu mafuta yaleyale likiwa na abiria mmoja au wanne.

Ukilielewa hilo, utaacha kuuliza kwa jumla jumla kama kwenda peke yako ni ghali. Safari ya mjini, ambako unapanda treni na kutembea kwa miguu, msafiri wa peke yake anapoteza kwenye chumba tu, na hata hapo anaweza kujiokoa kwa kukodi kitanda katika chumba cha pamoja cha hosteli. Safari ya mbugani au jangwani, ambako kila siku inahitaji gari, dereva na mwongozaji, mtu mmoja anabeba peke yake bili ya watu wanne. Andika bajeti yako kwa safu mbili, za kichwa na za kitu. Safu ya pili ikiwa ndefu, kikundi kinaanza kukuita.

Kusafirisha watu kwa mkupuo kunategemea hukohuko kugawana gharama. Tarehe 5 Julai 1841, Thomas Cook, aliyekuja kuwa wakala maarufu wa safari, alichukua watu wapatao 500 kwa treni moja kutoka Leicester hadi Loughborough, nchini Uingereza, kila mmoja kwa shilingi moja. Treni ilijaa, bei ikashuka.

Kikundi cha wakala kina mtego wake kwa aliyekuja bila mwenza. Bei unayoiona kwenye tangazo huwa imekadiriwa kwa watu wawili kulala chumba kimoja. Ukitaka chumba chako, kuna nyongeza, na si ndogo. Uliza mapema kama wanaweza kukupanga na msafiri mwingine wa jinsia yako. Wengi wanaweza, ila hawasemi mpaka waulizwe.

Kikundi cha marafiki kina mtego usioandikwa popote: mwenye mfuko mnene ndiye huchagua hoteli, na mwenye mfuko mwembamba huona haya kusema. Nimekuwa upande huo wa pili na nilirudi na deni. Halafu kuna hesabu ya viti. Watu wanne huenea teksi moja; mtu wa tano anazaa teksi ya pili, na kila safari fupi ya mjini inaongezeka mara mbili kwa sababu ya shemeji aliyejiunga dakika ya mwisho.

Aliye peke yake ana nafuu moja ambayo watu huisahau. Anaweza kuhamisha tarehe kufuata tiketi ya bei poa bila kumwomba mtu ruhusa, na kiti kimoja kilichobaki, iwe kwenye ndege, ukumbi wa maonyesho au mkahawa uliojaa, ni chake.

Maamuzi na mwendo wa siku

Hapa ndipo safari nyingi huponea au huharibikia, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Ukiwa peke yako, siku ni yako. Unaweza kukaa saa tatu mbele ya mchoro mmoja, ukaruka jumba lote lililobaki, ukalala mchana, ukabadili mji asubuhi kwa sababu umesikia jambo kwenye kifungua kinywa. Raha yake haielezeki kwa mtu ambaye hajaionja. Ila kuna deni linalojilimbikiza polepole. Tule wapi, tushuke kituo gani, huyu dereva ananidanganya au la, nilale usiku mwingine au niondoke: kila uamuzi ni mdogo, na hakuna hata mmoja ambao mtu mwingine ataubeba. Siku ya nane ya safari yangu moja nilisimama na begi mgongoni mbele ya mabasi matatu, yote yakienda mahali ambapo ningependa kufika, nikashindwa kuchagua. Si kwamba sikujua njia. Kichwa kilikuwa kimegoma. Nilirudi hosteli nikalala siku nzima, na siku hiyo nilikuwa nimeilipia.

Kikundi cha wakala kinakuondolea hilo lote. Unaamka, unaambiwa saa ya kuondoka, unapanda. Kwa mtu anayefanya maamuzi kazini mwaka mzima, huo ni mapumziko ya kweli na asikucheke mtu. Bei yake ni kwamba mahali ulipopapenda umepewa dakika ishirini, na usipopapenda umepewa saa mbili na duka la kumbukumbu mlangoni. Pia basi huondoka na mtu wa mwisho. Katika msafara mmoja tulikuwa na bwana mmoja, mtu mwema kabisa, ambaye kila asubuhi alikumbuka kitu chumbani wakati wenzake wameshakaa vitini. Kwa siku tisa alitugharimu muda wa kutosha kuona mji mzima.

Kikundi cha marafiki ndicho kigumu kuliko vyote kwenye kigezo hiki, ingawa watu hudhani ndicho chepesi. Wageni kwa wageni wana kiongozi aliyelipwa. Akisema twende, watu wanaenda, na anayenung'unika ananung'unika kimoyomoyo. Marafiki hawana kiongozi. Kila jambo linakuwa kikao. Wengi wape, ndiyo, lakini mtu aliyeshindwa kura tatu mfululizo ataanza kuchelewa kushuka chumbani, na ya nne itakuwa ugomvi unaoonekana umetokana na chumvi. Watu wawili wanaweza kupendana sana na wasiweze kusafiri pamoja, kwa sababu tu mmoja huamka alfajiri na mwingine saa nne.

Dawa ninayoijua ni kukubaliana kabla ya kuondoka kwamba kila siku kuna saa kadhaa ambazo kila mtu anakwenda zake, na kutokwenda na wenzako wakati huo si kununa. Kikundi kinachokataa sharti hilo mezani kitakataa mambo mengine mengi njiani.

Usalama

Watu wakisema "usalama" huwa wanafikiria wizi na kushambuliwa. Ya kila siku ni madogo kuliko hayo. Upo uwanja wa ndege, una begi kubwa, begi dogo na haja ya kwenda chooni. Mwenye mwenzake anasema "niangalizie". Aliye peke yake anaingia na kila kitu, anafunga mlango kwa kiwiko. Kwenye basi la usiku mwenye mwenzake analala. Aliye peke yake analala jicho moja. Uchovu huo wa kuwa macho ndio gharama kuu ya usalama wa msafiri wa peke yake, hata kama hakuna baya lililomfika.

Hiyo haimaanishi kwamba kikundi ni ngome. Kundi la watalii thelathini linalomfuata mtu mwenye kibendera linaonekana toka mbali, na mchomoaji hupenda watu waliokodolea macho juu ya paa la kanisa. Ndani ya kikundi pia kila mmoja huamini kwamba mwenzake ndiye ameangalia saa ya treni. Mtu mmoja mkimya, mwenye begi moja, aliyejifunza njia yake tangu jana, mara nyingi hupita bila kutambuliwa.

Wanawake wanaosafiri peke yao hupima zaidi ya hayo, na si haki kuwaambia "jiamini tu". Saa ya kufika mjini, umbali wa malazi kutoka kituoni, mlango unafungwaje kwa ndani: hayo huamuliwa kabla ya tiketi kununuliwa.

Panapotofautisha hasa ni dharura. Nilishikwa na homa kali katika mji ambao sikujua neno moja la lugha yake. Dawa zilikuwepo, hospitali ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kwenda kuniletea maji. Kwenye kikundi homa hiyo ingekuwa usumbufu wa siku moja. Peke yangu ilikuwa siku mbili za hofu.

Hata hivyo, upweke wenyewe si hatari kuliko kutojulikana ulipo. Aprili 2003 Mmarekani Aron Ralston aliingia peke yake katika korongo la Bluejohn, jimbo la Utah, bila kumwambia mtu anakokwenda. Jiwe lilimbana mkono. Alikaa humo zaidi ya siku tano, na mwishowe akajikata mkono ili atoke. Angeacha ujumbe mmoja tu wa anakokwenda na siku ya kurudi, watafutaji wangekuwa na pa kuanzia. Kwa hiyo ukichagua kwenda peke yako, chagua pia mtu mmoja nyumbani wa kumtumia ratiba na nakala ya pasipoti, mkubaliane usipojitokeza kwa muda gani aanze kupiga simu.

Watu

Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco, aliondoka mji wa Tangier mwaka 1325 akiwa na miaka 21, bila mwenza wala msafara. Alisimulia kwamba alipofika Tunis na wasafiri aliokutana nao njiani, watu walitoka kuwapokea waliofahamiana nao, wakasalimiana huku na huku, na yeye hakusalimiwa na yeyote. Machozi yakamtoka hadharani. Mmoja wa mahujaji ndiye aliyemwona na kumsogelea. Akatoka Tunis akiwa ndani ya msafara wa mahujaji, tena akiwa kadhi wake. Na humohumo safarini alioa binti wa msafiri mwenzake, akakosana na baba mkwe, wakaachana, akaoa mwingine. Penye wengi pana mengi.

Katika habari hiyo ya karne saba zilizopita mna karibu yote unayohitaji kujua kuhusu kigezo hiki. Upweke wa safarini haukujii barabarani. Hukujia unapofika, jioni, ukiwaona wengine wana wao. Lakini ni upweke huohuo unaomfanya mgeni akusogelee. Wawili wakiongea wao kwa wao hawakatizwi. Mmoja aliyeketi kwenye benchi na ramani huulizwa anatoka wapi, na nimepata mialiko kwa njia hiyo ambayo nisingeipata nikiwa na wenzangu watano.

Kikundi cha wakala kinakupa wenzako papo hapo bila kazi ya kuwatafuta. Baadhi watakuwa marafiki wa kudumu, baadhi utawavumilia. Kwa mjane, mstaafu, au mtu aliyehamia mji ambako hana watu wake, hiyo pekee inatosha kuwa sababu. Kikundi cha marafiki kinakupa kitu ambacho njia nyingine haziwezi, nacho ni mtu wa kukumbushana naye miaka kumi baadaye. Kumbukumbu ya peke yako haina shahidi. Wapo wanaoona hilo ni uhuru, wapo linaowauma.

Matayarisho

Ukiwa peke yako unapanga kila kitu, ila ni pasipoti moja, viza moja na ratiba moja vinavyoweza kuharibika.

Kwenye kikundi cha marafiki, mtu mmoja hugeuka wakala asiyelipwa: yeye ndiye anayelipa amana kwa kadi yake, anayekumbusha kwenye kundi la WhatsApp, anayelaumiwa hoteli ikiwa mbaya. Mmoja akijitoa wiki mbili kabla, nyumba iliyokodiwa kwa wanne inalipwa na watatu. Kubalianeni kwa maandishi, hata ya simu, kwamba anayejitoa baada ya tarehe fulani anaacha amana yake.

Kwa wakala, kazi yako ni kusoma masharti, hasa idadi ya chini ya watu. Safari inaweza kufutwa isipojaa. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu safari za vifurushi, kwa mfano, inamruhusu mwandaaji kufuta safari ya zaidi ya siku sita kwa sababu hiyo mpaka siku 20 kabla ya kuondoka. Mteja anarudishiwa alicholipa, lakini halipwi fidia. Kama tiketi ya ndege uliinunua mwenyewe kando, hasara hiyo inabaki kwako. Uliza kwanza: safari hii imeshahakikishwa kuondoka?

Kuchanganya

Mara nyingi huhitaji kuchagua moja kwa safari nzima. Unaweza kwenda peke yako na kujiunga na ziara ya siku moja mahali penye gari na mwongozaji ghali. Unaweza kuanza na kikundi siku tano, ukaizoea nchi, kisha ukabaki peke yako. Zipo pia njia zenye wapweke wengi kiasi kwamba wanakuwa kikundi bila kupanga. Njia ya mahujaji ya kwenda Santiago de Compostela, nchini Hispania, ile inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port nchini Ufaransa, ina urefu wa takriban kilomita 800. Watu huianza peke yao, hutembea peke yao mchana, na jioni hukutana tena katika nyumba zilezile za wasafiri.

Kwa hali yako

Kama hujawahi kulala nchi ngeni hata usiku mmoja, na unakokwenda lugha na maandishi yote ni mageni kwako, kikundi cha wakala chenye siku mbili tatu huru ndani yake kitakufundisha mengi kwa gharama ndogo ya neva. Kama ni mji wenye reli nzuri na unaijua lugha kidogo, jaribu peke yako kwa siku nne. Usianze na wiki tatu.

Kama una hamu ya jambo moja mahususi ambalo wengine hulichoka haraka, mfano ndege, majengo, makaburi ya kale au kupiga picha alfajiri, nenda peke yako au na watu wa hamu hiyohiyo. Usiwaburute ndugu.

Kama una ugonjwa unaohitaji uangalizi, au unakwenda mlimani, jangwani au baharini, usiwe peke yako, hata kama maana yake ni kumkodi mwongozaji mmoja tu.

Kama umechoka na kazi ya kuamua, jiunge na wakala na usione haya. Kama umechoka na watu, nenda peke yako, ila malazi ya usiku wa kwanza na wa mwisho yawe yamelipiwa, maana hizo ndizo nyakati kichwa huwa hakifanyi kazi.

Kama ni marafiki na hamjawahi kusafiri pamoja, nendeni kwanza siku mbili mahali pa karibu. Angalieni mambo matatu: nani anachelewa, nani analipa kwa kusukumwa, na mnakaaje mkinyeshewa.

Na kama umeshalipa amana ya kikundi kisha moyo ukaanza kusita, usikimbilie kuivunja. Waulize kama wanaweza kukuuzia huduma za huko tu, bila tiketi ya ndege. Wakikubali, nunua tiketi yako ya kurudi siku nne baada ya wenzako, uwasindikize uwanjani, kisha urudi mjini peke yako.